Vidole vya Kuazima

Wanawake wa machimboni hawana desturi ya kupeana mikono. Si kiburi. Mkono ukishaponda kokoto miaka ishirini haupendezi kushikwa, na wenye mikono wanalijua hilo kabla hujawaambia. Kila mmoja ana lundo lake chini ya ukingo wa mwamba, nyundo yake, na pete yake ya mpira iliyokatwa kwenye tairi bovu. Jiwe huwekwa katikati ya pete ili likipigwa lisiruke likatoboa jicho la mtu. Mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unashikilia. Vumbi linakausha ngozi, jiwe linasugua kinachobaki, na mwisho ncha za vidole zinang'aa, hazina mstari hata wa dawa.

Mama Kalamu alikuwa mmoja wao, na jina hilo alipewa kwa kejeli. Mumewe aliangukiwa na ukingo huo huo mtoto wao akiwa bado anatambaa, na siku ya kuzika aliapa mbele za watu kwamba binti yule hatagusa jiwe. Wenzake walikuja na watoto wao, wakawafundisha kuchambua na kupanga. Yeye, binti yake akitokeza tu na dumu la maji, alimfukuza kama kuku aliyeingia jikoni. "Rudi nyumbani," alimwambia. "Mkono wako ni wa kalamu." Wakacheka, wakamwita Mama Kalamu, mtoto akawa Kalamu, na majina yakaganda.

Ukweli usemwe, kalamu haikumfikisha binti mbali. Shule aliimaliza vizuri, akakaa nyumbani akiandika barua za kazi ambazo hakuna aliyezijibu, mpaka akaja wakala mmoja mwenye viatu vya kuchongoka na habari za kazi za ndani ng'ambo. Kalamu akaenda kufua, kupiga pasi na kusugua sakafu za watu. Mama yake alilia, akajifuta, akasema angalau si jiwe. Hiyo ndiyo faraja aliyokuwa nayo, na aliitumia kila siku kwa miaka mitatu.

Kisha simu ikaingia alasiri moja, kwa wifi yake, kwa sababu wifi ndiye pekee machimboni aliyekuwa na simu ya kioo. Wifi huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa maneno mengi na moyo mpana, na walikuwa wakiponda bega kwa bega tangu ujana. Aliyepiga ni msichana wa nchi yao, aliyefanya kazi katika jengo lile lile alimokuwa Kalamu.

"Mama, Kalamu ameanguka. Alikuwa anafuta kioo kwa nje, amesimama kwenye ukingo wa dirisha. Yuko hai, lakini hasemi, na miguu haina nguvu."

"Ukingo," alisema Mama Kalamu.

"Ndiyo, mama. Sasa nisikilize vizuri. Tajiri wake ameshanawa mikono. Hospitali wanasema hawawezi kumpandisha ndege peke yake, na hawamkabidhi mtu ambaye si damu yake. Aje mzazi, asaini, aondoke naye. Tiketi tumechangishana huku, hiyo isikuumize kichwa. Wewe tafuta pasipoti tu."

"Na nisipokuja?"

"Wamesema watamvumilia miezi miwili. Baada ya hapo wanampeleka nyumba ya wasio na wenyewe. Iko mbali na mji. Nimeulizia, mama. Sijapata anayemjua mtu aliyewahi kutoka huko."

Tafuta pasipoti tu! Watu wa mjini husema hivyo kama mtu anavyosema ongeza chumvi tu. Machimboni hakuna aliyewahi kuishika pasipoti zaidi ya Kalamu mwenyewe, na ya kwake ilishughulikiwa na wakala. Ofisi iko mji wa wilaya. Gari la kwenda huko ni la kubebea vitunguu, linaondoka kabla kuku hawajashuka, siku za soko peke yake, na abiria hukaa juu ya magunia akiomba Mungu daraja liwepo. Ukifika unakuta foleni ya watu waliolala mlangoni. Safari ya kwanza Mama Kalamu na wifi yake walisubiri hadi saa tisa, mlinzi akatoka akasema mtandao umelala. Wifi akamuuliza kama huwa wanaufunika na blanketi. Mlinzi hakucheka, wakarudi na vitunguu vilivyokosa mnunuzi.

Safari ya pili mtandao ulikuwa macho. Walikaa kwenye benchi lililosuguliwa na makalio mengi, chini ya feni isiyozunguka, wakitazama kalamu iliyofungwa kwa kamba kwenye meza ya kujazia fomu. Aliyewahudumia alikuwa afisa kijana, mwenye sweta ya kijivu na sauti ya kuchoka. Alipekua karatasi moja moja. Cheti cha kuzaliwa, sawa. Barua ya mwenyekiti wa kijiji, sawa. Picha yenye mandhari nyeupe, ambayo mpiga picha wa sokoni alimpigia mbele ya shuka la mkewe, sawa. Kitambulisho cha taifa, sawa, namba inasomeka. Karatasi zote zilikuwa nzuri kuliko mwenyewe.

"Weka vidole vinne hapo kwenye kioo, mama. Vya kulia."

Akaweka. Taa ikawa nyekundu. Afisa akafuta kioo kwa pamba, akamfuta na yeye vidole kwa spiriti, akavibonyeza kwa mkono wake. Nyekundu. Vya kushoto, nyekundu. Gumba, nyekundu. Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakaanza kuguna.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Kokoto."

"Aa." Afisa aliviangalia vidole vile kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli, hilo nalo lisemwe. "Usiogope, ngozi hurudi. Utaratibu ndio huu: nenda nyumbani upumzishe mikono. Usishike jiwe, usishike jembe, usifue. Paka mafuta asubuhi na jioni, uvae kitu laini. Baada ya wiki tano, sita hivi, njoo tena. Nakuwekea faili lako hapa."

"Muda upo?" aliuliza wifi, akamweleza habari za ile miezi miwili.

"Ukija mapema kabla ya miezi miwili, muda upo. Nitaliharakisha mwenyewe."

Basi Mama Kalamu akarudi kijijini kupumzisha mikono, na hakuna kazi aliyowahi kuifanya iliyomshinda kama hiyo. Wanawake wa machimboni walikaa kikao juu ya mawe, hawakuchukua muda mrefu. Lundo lake watalipokezana, kila mmoja ataponda ndoo kadhaa kwa ajili yake kabla ya kugusa la kwake. Wifi alihamia nyumbani kwake na virago vyake. Alimpikia, alimfulia, alimsuka, alimfungia hata khanga. Alimnunulia soksi nene za mtoto wa shule akamvika mikononi, zikiwa zimejaa mafuta ya mgando, na kila asubuhi alizivua kumkagua kama mwalimu wa zamu anavyokagua kucha.

"Bibi harusi ameamkaje leo?" wanawake waliuliza wakipita kwenda machimboni.

"Bibi harusi anakula tu na kulala," alijibu wifi. "Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Huyu anavyo kumi, na chawa nimvunjie mimi."

Walicheka wote, hata yeye. Lakini walipokwisha kupita na nyundo zikaanza kusikika kule bondeni, alikaa kizingitini na soksi zake mapajani, akaona aibu. Alizijua nyundo zile moja moja kwa sauti. Alijua ipi inaponda kwa ajili yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, ndivyo wasemavyo, lakini wale wanawake waliubeba kana kwamba ni wao waliozaa, na yeye hakuwa na la kuwapa.

Siku moja wifi alichelewa, jivu likawa limejaa jikoni, Mama Kalamu akavua soksi akaanza kulizoa. Wifi akamkuta. Hakupiga kelele. Alimwosha mikono kwa maji ya uvuguvugu, akaifuta kidole baada ya kidole, kisha akasema taratibu, "Ukitaka kuzoa jivu, zoa. Lakini ujue unamzoa Kalamu." Tangu siku hiyo hakugusa hata ufagio.

Na ngozi ikarudi. Kwanza yalibanduka magamba, chini yake pakawa pekundu na laini. Kisha asubuhi moja, kwenye mwanga wa mlangoni, akaona mistari kwenye gumba, midogo, imejikunja kuzunguka kitovu chake. Alikuwa hajaiona tangu alipoolewa. Akaita wifi, wifi akaita jirani, wakaja wengine na nyundo zao mikononi, wakakishika kidole kile kwa zamu, wakakisogeza machoni. Mmoja akasema, "Kumbe na sisi tunavyo." Mama Kalamu akalia kwa furaha, na walimwacha alie.

Safari ya tatu walikwenda wamevaa nguo za sikukuu. Afisa wa sweta ya kijivu aliwakumbuka, akawapitisha mbele. "Haya, mama. Bismillah," akasema, na Mama Kalamu akavua soksi, akaweka vidole vinne kwenye kioo.

Taa ikawa ya kijani.

Wifi akapiga kigelegele. Mlinzi akamwonyesha bango la kutunza utulivu, naye akapiga kingine kidogo, cha chini. Kushoto, kijani. Gumba, kijani. Afisa mwenyewe alitabasamu, akabonyeza kitufe, akasubiri. Kisha tabasamu likamtoka. Akabonyeza tena. Akasogea karibu na kioo cha kompyuta, akasoma, akamtazama mama, akasoma.

"Njoo huku ndani kidogo," akasema. "Na huyu ndugu yako."

Chumba cha ndani kilikuwa na meza, viti viwili na mafaili yaliyopangwa hadi dirishani. Afisa alifunga mlango. Aligeuza kompyuta upande wao.

"Huyu ni nani, mama?"

Ilikuwa picha ya Kalamu. Kalamu wa kabla ya safari, amesuka mistari, ametazama mbele kama mtu aliyeambiwa asicheke. Mama Kalamu alikuwa hajauona uso ule tangu ajali, kwa sababu yule msichana alikataa kumwonyesha jinsi alivyo sasa. Akainama kuelekea kwenye kompyuta, uso ukamchangamka wote.

"Mwanangu huyo," akasema. "Huyo ndiye ninayemfuata."

Afisa alijifuta uso kwa kiganja. "Mama, vidole ulivyoweka leo na vile vilivyo kwenye kitambulisho chako si vya mtu mmoja. Nikauliza mtambo, vilivyo kwenye kitambulisho ni vya nani? Ukaniletea huyu. Ana pasipoti kwa vidole hivyo hivyo. Kitambulisho chako kina vidole vya mwanao."

Wifi alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Mama Kalamu hakuelewa kwa muda, halafu akaelewa yote mara moja.

Miaka ile mashine ya vitambulisho ililetwa kijijini kwa gari, ikafungwa kwenye darasa la shule ya msingi. Walikuja vijana wawili wa kuandikisha, wana haraka, jioni walitakiwa wawe kijiji kingine. Wanawake wa machimboni walipanga foleni yao, na kila aliyeweka kidole, mashine ikakataa. Saa zikaenda. Mwisho kijana mmoja akasimama juu ya dawati akatangaza, "Jamani, mwenye vidole vinavyosoma amsaidie mwenzake, tumalize." Wala hakuna aliyeona ajabu. Kule watu huazimana chumvi, kaa la moto, mbeleko, hata viti vya msiba. Kidole nacho kitu gani? Hukipunguzi kwa kukiazima. Mwalimu wa chekechea aliwaazima vyake wanawake sita, kwa yule wa saba akadai soda kwanza.

Mama Kalamu alikataa vya mwalimu. Alikuwa na vya kwake. Alimwita binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akaja na sare ya shule, akaviweka vidole vyake kumi kwenye kioo, vyembamba, safi, na mashine ikalia papo hapo, bila kurudia hata kimoja. Foleni nzima ilisikia. Naye Mama Kalamu akawageukia wenzake, kifua mbele, akawaambia, "Mmeona? Mkono wa kalamu huo." Katika siku zote alizoishi baada ya kufiwa, hiyo ilikuwa mojawapo ya siku zake nzuri.

Alimsimulia afisa yote, bila kuficha, hata ile ya soda. Alikuwa bado ana matumaini. Aliamini kwamba jambo likielezwa vizuri kwa mtu mwenye akili, linakwisha.

"Mbona pasipoti ya Kalamu ilitoka?" aliuliza wifi.

"Enzi zile kila mtambo ulikuwa unajijua wenyewe. Siku hizi imeunganishwa yote, popote mtakapokwenda ni hivi hivi." Afisa alisema kwa sauti ya chini. "Mama, ulichonieleza ni kosa la jinai, kwako na kwake. Dawa yake ni moja. Mje wote wawili mbele yetu, kila mtu aweke vidole vyake, tuvitenganishe."

"Yuko kitandani. Hawezi kuja mpaka nimfuate."

"Najua."

"Na siwezi kumfuata bila pasipoti."

"Najua, mama. Na mimi siwezi kukupa pasipoti mpaka aje."

Nje mtu alikuwa akiita namba za foleni.

"Andika basi kwamba nimekiri," alisema Mama Kalamu. "Nifungwe nikirudi. Nikishamleta, nifungwe."

"Nikiandika, pasipoti yake inafutwa leo leo. Halafu huko aliko atakuwa mgonjwa asiye na karatasi. Unajua wanavyofanywa?" Kisha akasema jambo ambalo bora angelimeza, lakini naye alikuwa kijana, na lilikuwa limemkaa kooni. "Vidole vingekataa tena leo, ningekupeleka kwa daktari akuandikie huna alama. Tungetumia picha peke yake. Wengi wa kokoto tunawapitisha hivyo. Ungetoka na pasipoti wiki ijayo."

"Unasema?" aliuliza wifi.

"Vingekataa mara ya pili. Lakini vimesoma. Mtambo ukishasoma, hausahau."

Mama Kalamu alivitazama vidole vyake mapajani, laini, vinang'aa mafuta, kila kimoja na mistari yake. Alifikiria ndoo za kokoto walizoponda wenzake. Alifikiria jivu lile la jikoni. Angelizoa, angezoa na jingine, angeponda kwa siri kila usiku, leo angekuwa na safari. Walichomfanyia kwa mapenzi ndicho kilichomfungia mlango. Alijikuta anamchukia wifi yake sana, kwa muda mfupi, kisha chuki ikapita ikamwachia uchovu.

Afisa alikusanya karatasi zake, akazipanga vizuri, akamkabidhi. "Mimi sijasikia kitu," alisema. "Nitaandika mashine ilileta hitilafu. Nendeni nyumbani." Ndiyo msaada aliokuwa nao, na alipofungua mlango hakuweza kuwatazama usoni.

Kurudi kulikuwa juu ya magunia matupu. Wifi, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikaa kimya mpaka darajani. Hapo akasema, "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Alisema kwa mazoea tu, kama mtu anavyokohoa, halafu akafunika uso kwa khanga na mabega yakaanza kumtikisika. Mama Kalamu alimshika mgongo. Alikuwa yeye wa kubembelezwa, akabembeleza.

Machimboni walikuwa wanawangoja na vigelegele mdomoni. Waliposimuliwa, mmoja mmoja walitazama mikono yao. Wanawake saba walikuwa wanatembea na vidole vya mwalimu wa chekechea kwenye vitambulisho vyao, na mwalimu mwenyewe alishakufa mwaka juzi. Hakuna aliyesema hilo kwa sauti. Kisha mkubwa wao akachukua nyundo, akampisha Mama Kalamu kwenye lundo lake, ambalo walikuwa wamelitunza likawa kubwa kuliko alivyoliacha. Naye akakaa, akatia jiwe kwenye pete, akapiga. Ngozi ile mpya ilichanika siku ile ile.

Walijaribu mengine, usidhani walikata tamaa papo hapo. Wifi aliomba apewe yeye ruhusa ya kwenda, kwa kuwa ni shangazi; hospitali ikajibu mzazi au hakuna. Mwenyekiti wa kijiji aliandika barua nzuri yenye mihuri mitatu. Yule msichana wa ng'ambo aliipeleka, akaambiwa waliisoma. Asiyekuwapo na lake halipo, na siku hazimngoji mtu.

Msichana alipopiga tena ilikuwa mchana, jua limesimama, watu wamejibanza kwenye kivuli cha ukingo wakinywa maji. Safari hii alipiga simu ya picha. Wifi alimletea Mama Kalamu simu mbiombio.

"Mama, kesho asubuhi wanamhamisha," alisema msichana. Alikuwa kwenye korido nyeupe, amevaa sare ya kazi. "Wameniruhusu dakika chache nimuage. Nimeona nikupigie ukiwa naye. Utaweza?"

"Nitaweza."

Korido ikayumba, mlango ukafunguka, kikaonekana kitanda. Kalamu alikuwa amenyolewa. Uso wake ulikuwa mwembamba, umezeeka kuliko umri wake, macho wazi, yametulia kwenye dari. Mama Kalamu alimwita kwa jina lake la nyumbani. Alimwita tena. Macho yalisogea kidogo, au mkono wa msichana ulitikisika, hakuna aliyejua.

Wanawake walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Nionyeshe mkono wake," alisema.

Msichana aliushika mkono uliokuwa juu ya shuka, akaukunjua taratibu, akausogeza karibu na simu mpaka vidole vikajaa kioo kizima. Mama Kalamu aliangalia. Akakisogeza kioo machoni, akageukia kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe, zimechujuka, zinang'aa. Hazikuwa na mstari.

"Vimefanya nini vidole vyake?"

"Ni dawa za kusafishia, mama. Za vyoo na za sakafu. Zinaunguza mpaka ndani, hata miezi hii ya kulala haikurudisha kitu. Tajiri wake hakuwa ananunua glavu." Msichana aliinua mkono wake mwenyewe akauweka pembeni ya ule wa Kalamu. "Sote huku tuko hivi. Simu yangu yenyewe ilishaacha kunijua, nafungulia namba."

Wifi aliguna kama mtu aliyepigwa. Mama Kalamu alivitazama vidole vya wote wawili. Miaka yote ile ya kumfukuza mtoto machimboni, na jiwe lilikuwa linamsubiri mbele, kwa jina jingine. Hata kama wangemleta, hata kama angebebwa na machela mpaka dirishani kwa yule afisa, taa ingekuwa nyekundu.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "nilikuwa nakuja."

Akaweka gumba lake juu ya kioo, pale palipokuwa na kidole cha Kalamu, akalikandamiza. Alikaa hivyo. Msichana alisema kitu kuhusu nesi, akasema samahani mama, na picha ikakatika. Yeye bado alikuwa amekandamiza.

Alipoinua mkono, alama ya gumba ilibaki kwenye kioo cheusi, katika vumbi. Ngozi ilikuwa imechanika kwa nyundo pembeni, lakini katikati mistari michache ilikuwa bado imesalia, imejikunja kuzunguka kitovu chake. Wifi alichukua ncha ya khanga ili afute, kisha akasita, akaiacha. Akaishika simu hivyo hivyo kwa pembe zake, kioo juu, akaenda kuiweka kivulini.

Mama Kalamu alirudi kwenye lundo lake. Alitafuta pete ya mpira, akaiona, akatia jiwe.